Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kutengeneza Filamu Huru ya Mapenzi Yenye Vituko

Tulitengeneza filamu yetu ndefu tukiwa kikundi cha watu 14. Inamhusu fundi saa ambaye hafiki popote kwa wakati, na mwanamke anayelipwa kuwaandikia watu barua za malalamiko. Tangu ilipoanza kuonyeshwa tunaulizwa maswali yale yale, ukumbini na kwenye barua pepe, na mengi yanatoka kwa watu ambao tayari wana skripti mkononi. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayomkuta mtu mmojammoja. Mifano mingi ni ya filamu yetu kwa sababu hiyo ndiyo tunayoifahamu ndani na nje.

## Mambo ya mwanzo

Filamu "huru" ni ipi hasa?

Ni filamu ambayo uamuzi wa mwisho unabaki kwa walioibuni, si kwa studio kubwa iliyotoa fedha. Neno hilo halipimi ubora wala ukubwa wa bajeti. Faida yake ni kwamba hakuna atakayekulazimisha ubadili mwisho wa hadithi. Mzigo wake ni kwamba ukikosea, hakuna atakayekulipia siku ya ziada.

Na "vituko" ni vituko vya aina gani?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote yaliyomo humu, na tunaomba ulisome jibu lake hata kama umekuja kutafuta habari za kamera.

Kituko ni jambo ambalo mhusika mwenyewe halioni kuwa la ajabu. Kwake, hivyo ndivyo mtu yeyote mwenye moyo angefanya. Fundi saa wetu huchelewa kwa sababu hawezi kufunga duka akiacha saa ya mtu imesimama. Kwa nini? Kwa sababu siku aliyofariki mama yake, saa ya ukutani ilisimama na hakuna mtu nyumbani aliyeitia ufunguo tena. Mtazamaji haambiwi hilo hadi filamu iko karibu kwisha, lakini mwigizaji alilijua tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana kila anapoingia akihema, amechelewa saa moja na nusu, watu wanacheka na bado wanampenda.

Kuna kipimo tunachowapa wote wanaotuletea skripti. Kiondoe kituko kisha uisome hadithi upya. Kama haikuyumba, kile hakikuwa kituko, kilikuwa pambo: viatu vya rangi mbili, kofia ya ajabu, chombo cha muziki ambacho hakuna anayejua kwa nini anakibeba. Kituko cha kweli ndicho kinachowakutanisha wawili, ndicho kinachowagombanisha, na ndicho ambacho mmoja wao atalazimika kukiacha au kukikubali.

Lazima wapendanao wabaki pamoja mwishoni?

Hapana. Anachodai mtazamaji ni kuona kwamba kila mmoja ameguswa na mwenzake kiasi kwamba hawezi kurudi alivyokuwa. Ukimpa hilo, atakusamehe hata wakiagana kituoni. Ukimnyima, harusi haitakuokoa.

Nianze na filamu fupi?

Ndiyo, kama hujawahi kuongoza waigizaji wawili wakitazamana kwa dakika nzima bila kusema neno. Chukua tukio moja la skripti yako ndefu, kurasa tano au sita, ulitengeneze lisimame lenyewe. Utaonyesha watu kitu unapoomba fedha, na utajua mapema kama toni yako inaeleweka. Taasisi inayotoa tuzo za Oscar huhesabu filamu kuwa ndefu inapozidi dakika 40, lakini kwa aina hii ya hadithi wengi hulenga kati ya dakika 80 na 100.

## Skripti

Kurasa ngapi?

Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa kwa mpangilio wa kawaida hukaribia dakika moja ya filamu. Vichekesho vya maneno huenda mbio zaidi, kwa hiyo kurasa 95 za majibizano zinaweza kuwa dakika 85. Yetu ilikuwa na kurasa 88. Tungepunguza nyingine sita, na tulizipunguza baadaye kwa gharama, kwenye uhariri.

Siku hizi watu wana simu na wako huru kupendana. Nini kitawazuia wasimalizane ukurasa wa kumi?

Waandishi wengi hukimbilia kutoelewana: mtu anasikia nusu ya mazungumzo, anakasirika, anaondoka. Mtazamaji wa leo hukaa akijiuliza kwa nini hawapigiani simu, na ana haki. Kizuizi kinachodumu ni kile ambacho simu haiwezi kukiondoa. Mwanamke wetu anaweza kuandika kurasa tatu za moto kumtetea mgeni aliyeuziwa godoro bovu, lakini hajawahi hata mara moja kusema kinachomuumiza yeye mwenyewe. Fundi anachelewa, yeye anasema "haina neno", na "haina neno" hiyo ndiyo inayowatenganisha.

Ukishapata kizuizi cha ndani, kitafutie kitu cha nje kinachoshikika. Katika *It Happened One Night* ya mwaka 1934, filamu iliyozoa tuzo zote 5 kubwa za Oscar, wawili wanaolala chumba kimoja wanatenganishwa na blanketi lililoanikwa kwenye kamba kati ya vitanda. Kamba na blanketi. Hamu yote ya hadithi ile inaning'inia pale, na mtazamaji anangoja lianguke. Mtu asiye na fedha asome tukio hilo kwa makini kuliko vitabu vyote vya uandishi.

Rafiki wa mhusika mkuu ndiye anayechekesha zaidi. Nimpunguze?

Usimpunguze. Jiulize kwanza kwa nini wakuu wamepooza. Mara nyingi mwandishi anawaonea huruma wapendanao wake, hataki waaibike, kwa hiyo aibu zote anamtwisha rafiki. Wape wakuu aibu zao. Mapenzi na kuaibika mbele ya mtu ni ndugu wa karibu sana.

## Fedha

Inagharimu kiasi gani?

Hakuna jibu la jumla. Liko swali linalofaa zaidi: una nini tayari? Orodhesha maeneo unayoweza kuingia bure, watu watakaokupa wiki tatu za maisha yao, na vitu vya ajabu vilivyo karibu nawe, ndipo uandike. Duka la saa kwenye filamu yetu lilikuwepo kabla ya hadithi. Tulilipata likiwa limejaa saa za ukutani, na mwenye nalo alituruhusu kuingia kila jioni baada ya kufunga. Kulijenga duka lile upya kungetumaliza.

Vinavyokula fedha bila kelele ni vitatu: kuhamisha kikundi kutoka lokesheni moja, yaani mahali pa kurekodia, hadi nyingine, kurekodi usiku nje, na matukio yenye umati. Hadithi ya watu wawili inaweza kuishi vizuri kwa lokesheni sita. Halafu tenga asilimia 10 ya bajeti kwa dharura na usiiguse hadi ulazimike.

Je, filamu za namna hii hurudisha fedha?

Baadhi, na chache hurudisha kwa kishindo. *My Big Fat Greek Wedding* ya mwaka 2002 ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 5 na ikaingiza zaidi ya milioni 360 duniani. Mfano huo hutajwa katika kila andiko la kuombea fedha, nasi tuliutaja. Mwenye fedha makini anajua ni tukio la nadra. Mwambie ukweli: anaweza kupoteza yote, na hii ndiyo njia tutakayotumia kuwafikia watazamaji. Tulipoanza kusema hivyo ndipo mtu wa kwanza alipotoa.

Naweza kuwaomba watu wafanye kazi bila malipo?

Unaweza kuwaomba, ila usiwadanganye. Andika mkataba kwa kila mtu, hata ndugu yako: kazi yake ni ipi, siku ngapi, jina lake litaandikwaje, na kama kuna mgawo wa mapato, unahesabiwa baada ya kitu gani. Neno "faida" bila ufafanuzi limevunja urafiki mwingi. Angalia pia sheria za kazi na vyama vya waigizaji vya mahali ulipo, kwani si kila mtu anaruhusiwa kufanya kazi bure hata akitaka.

Chakula kizuri, kwa wakati, kila siku. Hapo hatukubahatisha na hatutabahatisha.

## Waigizaji

Nitajuaje kama hawa wawili wana mvuto kati yao?

Waone pamoja. Wengi huchagua mwigizaji mmoja bora, halafu mwingine bora, wakatumaini. Sisi tuliwaketisha watu kumi na mmoja kwa jozi mbalimbali. Waliosoma vizuri zaidi peke yao hawakuwa jozi iliyoshinda. Tuliowachukua walikuwa na jambo moja: mmoja akiongea, mwingine alikuwa anasikiliza kwa uso wake wote. Kamera hupenda anayesikiliza. Wape pia kazi ya mikono wakati wa kusoma, kama kukunja shuka kubwa pamoja, uone kama miili yao inaelewana.

Matukio ya kubusiana yapangwe vipi?

Kama unavyopanga mapigano: hatua kwa hatua, kwa makubaliano ya maandishi kabla ya siku ya kurekodi, na hakuna kinachobadilika wakati kamera inarekodi. Kama bajeti inaruhusu, ajiri mratibu wa matukio ya faragha. Kama hairuhusu, mteue mtu asiye mwongozaji ambaye mwigizaji anaweza kumwendea na kusema hapana, na hapana hiyo isiulizwe sababu. Baki na watu wanaohitajika tu chumbani. Mwigizaji anayejisikia salama huonekana anapenda. Anayeogopa huonekana anaogopa, na hakuna mhariri awezaye kuficha hilo.

Waruhusiwe kusema nje ya skripti?

Kwenye mazoezi, sana. Andika upya kwa yale yaliyopatikana. Siku ya kurekodi, chukua kwanza kilichoandikwa, kisha uwape mara moja ya kucheza huru. Kadri wanavyotoka nje ya maneno ndivyo mhariri anavyopata shida ya kuunganisha, hasa kama una kamera moja.

## Siku za kurekodi

Siku ngapi zinatosha?

Sisi tulitumia 19, yaani kati ya kurasa 4 na 5 kwa siku. Inawezekana kwenda haraka zaidi, lakini vichekesho vinahitaji marudio, na uchovu huua utani kabla haujaua kitu kingine chochote. Siku ya kazi isizidi saa 12, na kati ya kufunga na kuanza tena pawe na saa 11 au angalau 10.

Kwenye ratiba, usiweke tukio kubwa la mapenzi wiki ya kwanza. Waigizaji bado ni wageni kwa wenzao. Vilevile usiliweke siku ya mwisho, maana likikwama huna pa kulisogeza. Sisi tuliliweka siku ya 14.

Naweza kurekodi kwa simu?

Unaweza. *Tangerine* ya Sean Baker, iliyoonyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Sundance mwaka 2015, ilirekodiwa kwa simu za iPhone 5s zilizofungwa lenzi za ziada. Wanaoitaja husahau kwamba sauti yake haikuchukuliwa kwa maikrofoni ya simu. Ukitumia simu, funga mwanga na fokasi zisijibadilishe zenyewe, rekodi fremu 24 kwa sekunde kama ndiyo kasi uliyochagua, na ujaribu taa za ndani mapema. Umeme wa mahali pengine ni wa hezi 50, kwingine 60, na shata (kasi ambayo kamera hufungua na kufunga kupokea mwanga) isiyolingana nao hufanya taa zionekane zinapepesa.

Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, kamera nzuri au mtu wa sauti?

Mtu wa sauti. Picha yenye chengachenga watu huiita mtindo, lakini mnong'ono wa mapenzi usiosikika ni tukio lililokufa. Tumia maiki ya fimbo juu ya waigizaji pamoja na maiki ndogo za kifuani, na rekodi kwa hezi 48,000, ndicho kiwango cha filamu. Kila lokesheni ichukue sekunde 30 hadi 60 za ukimya wa chumba chenyewe, watu wote wametulia, ili mhariri awe na cha kujazia mapengo.

Friji izimwe wakati wa kurekodi. Weka funguo za gari lako ndani yake, ili usiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha.

Duka letu lilikuwa na saa 60 na kitu zikigonga zote. Tulizisimamisha, tukarudisha milio yake baadaye moja moja. Ilituchukua wiki mbili za kazi ya sauti, na ndiyo sehemu tunayoipenda kuliko zote.

Tulipoisoma skripti mezani tulicheka hadi machozi, mbona kwenye kamera hakuna kichekesho?

Tazama umbali wa kamera. Uso uliokaribiwa sana hubeba hisia, lakini utani mwingi unaishi kati ya mwili na mwili: mmoja anafanya, mwingine anaona. Ukikata kutoka uso hadi uso, umemwamulia mtazamaji lini acheke. Waweke wote wawili kwenye fremu moja, rudi nyuma hadi magotini, uache muda upite. Kwetu, tukio la kugawana mwavuli uliovunjika lilikuwa na shoti tisa, yaani vipande tisa vya picha. Iliyobaki ni moja, sekunde 74.

Sababu nyingine ni mwigizaji kujua kwamba anachekesha. Rudi kwenye jibu kuhusu vituko. Mwambie acheze kama mtu aliye kwenye shida kubwa, kwa sababu kweli yumo.

## Uhariri na muziki

Filamu yangu baada ya kuunganishwa ni mbaya. Nimeharibu?

Karibu kila muunganiko wa kwanza ni mbaya. *Annie Hall*, iliyopata Oscar ya filamu bora ya mwaka 1977, mwanzoni ilikuwa na saa mbili na ziada za mawazo yaliyotawanyika ya mtu mmoja. Woody Allen na mhariri wake Ralph Rosenblum ndio waliogundua wakikata kwamba hadithi ilikuwa ni ya wapendanao, wakaziacha nje sehemu kubwa. Kwa hiyo kaa na ulichonacho na uulize: ni lini ninapowatamani hawa wawili wawe chumba kimoja? Yale yote yanayochelewesha tamaa hiyo bila kuiongeza, yatoe.

Nitajuaje kama inachekesha?

Huwezi kujua peke yako. Baada ya kuitazama mara 40 hucheki tena. Kusanya watu 20 hadi 30 wasiokujua, zima taa, keti pembeni ukiwatazama wao. Usiwaulize kama wameipenda. Andika walipojigeuza vitini, walipotoa simu, na walipocheka. Sisi tuligundua kwamba kicheko kikubwa kilimeza sentensi iliyofuata, nayo ilikuwa ya muhimu. Tuliongeza sekunde mbili na nusu za fundi akitafuta miwani iliyo kichwani mwake, na sentensi ikasikika.

Naweza kutumia wimbo maarufu?

Ukilipia, na unalipia mara mbili: haki ya utunzi, na haki ya rekodi yenyewe, ambazo mara nyingi ziko kwa watu tofauti. Mmoja akikataa, huna wimbo. Kuna vibali vya bei nafuu vya kuonyesha kwenye matamasha pekee, lakini msambazaji akija utarudi kulipa cha pili ukiwa huna nguvu ya kujadiliana. Heri mtunzi anayeanza kama wewe, na umwite mapema. Ukizoea kuhariri juu ya wimbo usioweza kuununua, utaipenda filamu ambayo si yako.

## Kuionyesha

Tuipeleke tamasha gani kwanza?

Matamasha makubwa mengi hutaka kuwa ya kwanza kuonyesha filamu, ama duniani ama katika nchi yao. Sundance huwa Januari, Berlin Februari, Cannes Mei, Toronto Septemba, na milango ya kupokea filamu hufungwa miezi kadhaa kabla. Chagua mawili ya ndoto, weka tarehe ya mwisho ya kungoja, kisha nenda kwenye matamasha ya ukubwa wa kati yenye watazamaji wanaojaza ukumbi. Vichekesho vinahitaji ukumbi uliojaa. Na usiiweke filamu nzima hadharani kwenye intaneti wakati unangoja.

Kwa ukumbi wa sinema utaombwa nakala ya DCP, yaani faili za kidijitali ambazo projekta za sinema husoma. Ijaribu kwenye ukumbi halisi, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kuituma.

Msambazaji atataka nini zaidi ya filamu?

Mikataba ya kila mtu inayothibitisha kwamba skripti, sura, muziki na maeneo yote una haki nayo, na mara nyingi bima dhidi ya madai ya haki hizo. Njia za sauti zitenganishwe: maneno peke yake, muziki na milio peke yake, ili filamu iweze kuingizwa lugha nyingine. Picha nzuri za waigizaji zilizopigwa wakati wa kazi pia, ambazo kila kikundi kidogo husahau. Sisi tulikuwa na tatu.

Utani utatafsirikaje?

Mpe kazi mtu anayechekesha katika lugha inayolengwa, si anayeijua tu. Mistari ya maandishi ya tafsiri isizidi miwili kwenye skrini. La muhimu kuliko yote: neno la kuchekesha lisitokee kwenye maandishi kabla mwigizaji hajalisema. Tulishuhudia ukumbi mzima ukicheka sekunde moja mapema, na mwigizaji akamalizia sentensi kwenye ukimya.

## Hali zisizo za kawaida

Hadithi ni ya uhusiano wangu wa zamani. Naruhusiwa?

Maisha yako ni yako, lakini yule mwingine naye ana yake. Kubadili jina peke yake hakutoshi kama kazi, mji na mbwa vimebaki vilevile. Mwombe ruhusa ya maandishi, au badilisha mengi hadi yeye mwenyewe asijione. Barua na jumbe alizokuandikia usizinukuu: maneno yaliyomo ni mali yake hata kama karatasi iko kwako.

Mwigizaji mkuu amejitoa katikati.

Hesabu kwanza ulichonacho kabla ya kulia. Matukio ya mgongo, ya sauti ya simu na ya mbali yanaweza kuchezwa na mwingine. Ikiwa zaidi ya nusu imebaki, kuanza upya na mtu mpya mara nyingi ni nafuu kuliko kushona viraka. Hapa ndipo ile asilimia 10 inapohitajika.

Mwandishi na mwongozaji walikuwa wapenzi, wameachana wakati wa uhariri. Filamu itaisha?

Tumeulizwa hili mara tatu, na watu watatu tofauti. Itaisha kama mkataba wao unasema nani ana neno la mwisho kwenye uhariri. Kama hausemi, mtafuteni mtayarishaji au mhariri ambaye wote wawili bado wanamwamini, mumpe neno hilo kwa maandishi, na kila mmoja atazame muunganiko kwa siku yake na kuleta maoni yake kwa karatasi. Msiwaketishe chumba kimoja mbele ya tukio la busu.